Kijana anayeunda ndege asifukuzwe mlangoni

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mi ni fundi wa kuchomelea hapa Unga Limited, Arusha, na kuna kijana jirani yangu anaunda ndege ya siti mbili kwenye gereji ya baba yake, bawa moja keshalipiga riveti (vile vipini vya kushikanisha bati), ukipitisha kidole husikii hata moja imetokeza. Kaenda kuulizia ofisi moja kakaribishwa na kicheko, akarudi hajanywa hata chai.

Imeniuma sana. Marekani ukijenga mwenyewe zaidi ya nusu ya ndege kwa kujifunza au kujifurahisha, FAA, mamlaka yao ya anga, inakagua, unapewa cheti cha ndege ya majaribio, halafu unairusha kwanza eneo maalumu, mara nyingi masaa 25 au 40, abiria wa nauli huruhusiwi. Ya kiwandani kama Cessna 172 ni habari nyingine, muundo wenyewe umethibitishwa na kila inayotoka lazima ifanane nao, huwezi kubadilisha kifaa kiholela, ndo maana inaaminika kubeba watalii.

Sisemi kila mtu arushe bati lake. Uwanja wa ndege wa Kisongo hapa Arusha uko juu, karibu mita 1,400, hewa nyepesi, jua la mchana likichoma ndege inataka mbio ndefu zaidi, na chini kuna nyumba za watu. Kwa hiyo wahusika wa anga mtumeni mkaguzi aje alione hilo bawa kabla halijafungwa, baada ya hapo riveti za ndani hazionekani tena.

Fundi, Unga Limited, Arusha