Malalamiko: sensa ya joto inayosema injini ni baridi huku maji yanachemka

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vipuri vya Magari,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: SENSA SITA ZA GEJI YA JOTO, TOYOTA COROLLA AE100

Tumepokea barua yenu ya kukataa kuturudishia pesa. Mmeandika kwamba sensa ni nzima na kosa ni la fundi: ama alizungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi zake za kukazia, ama waya una kutu, ama thamostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) imekwama wazi. Kila moja ya hizo kweli huushusha mshale wa geji, na ndiyo maana tulizikagua zote kabla ya kuwaandikia mara ya kwanza.

Sensa hii ina waya mmoja tu. Umeme huingia kutoka kwenye geji, hupita ndani ya sensa, kisha hutokea kwenye nyuzi zake hadi kwenye chuma cha injini. Joto likipanda, ukinzani (nguvu ya sensa ya kuzuia umeme) hushuka, umeme hupita kwa wingi na mshale hupanda. Tepu ikizuia chuma kugusana na chuma, geji hudhani injini ni baridi. Sensa zenu zilifungwa bila tepu, nyuzi zikiwa zimesuguliwa zikang'aa.

Waya tuliuchomoa, tukawasha swichi, tukaugusisha kwenye chuma cha injini kupitia balbu ya wati 3.4. Mshale ulipanda kuelekea H (moto); tulipouachia ulirudi C (baridi). Geji na waya ni vizima. Ile kutu ya kijani ambayo hewa ya chumvi ya hapa Malindi huiotesha kwenye kila soketi ilikuwa imeshasafishwa. Thamostati ni ya nyuzi 82 za Selsiasi, namba imegongwa kwenye chuma chake. Ilitoka ikiwa imefunga vizuri, na kwenye maji ya moto ilianza kufunguka hapohapo kwenye 82.

Ikabaki sensa yenyewe. Tuliitia sensa yenu kwenye sufuria moja na ile ya zamani iliyotoka na gari (kichwa chake cha kuchomekea waya kimekatika, lakini ndani bado inapima), pamoja na kipimajoto. Zote zilining'inizwa kwa waya zisiguse kitako, maana kitako cha sufuria huwa na joto kuliko maji. Mita iliwekwa kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, ncha moja kwenye kichwa cha sensa, nyingine kwenye mwili wake.

Kwenye nyuzi 50, ya zamani ilisoma omu 225, yenu 830. Kwenye 80, ya zamani 76, yenu 310. Kwenye 98, ya zamani 43, yenu 190. Tulirudia kwa sensa zenu zote sita na tofauti baina yao haikuzidi omu chache. Sufuriani hakuna tepu, hakuna waya wa gari, hakuna thamostati.

Hizo omu 190 maana yake ni hii: sensa ya zamani husoma hivyo injini ikiwa kwenye nyuzi 55 hivi. Kwa hiyo maji yakikaribia kuchemka, sensa yenu huiambia geji kwamba injini ndiyo kwanza inapata moto.

Sasa tazameni barua yenu wenyewe. Mnasema mliipima dukani kwenye joto la kawaida ikatoa kilo-omu 2.3, "ambacho ndicho kipimo sahihi". Ni sahihi kwa sensa nyingine. Injini hii ina sensa mbili za joto: ya geji yenye waya mmoja, na ya kompyuta yenye waya mbili. Ile ya kompyuta ndiyo inayotakiwa kusoma kati ya kilo-omu 2 na 3 kwenye nyuzi 20, na kati ya omu 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Vipimo vyetu vya sensa zenu vinaingia humo humo. Kwa maoni yetu, aliyezitengeneza ametia kiini cha sensa ya kompyuta ndani ya mwili wa sensa ya geji, na nyinyi mmezipitisha kwa kutumia jedwali lisilo lake. Kipimo mlichokitoa kujitetea dhidi yetu ndicho kinachothibitisha kasoro.

Mmetaja pia feni. Feni ya gari hili haipokei amri kwenye sensa ya geji; ina swichi yake peke yake, ambayo hukata mkondo unaoizuia feni maji yakipita nyuzi 93 hivi, na hapo feni huanza. Ilikuwa ikizunguka. Feni haiwezi kuokoa injini inayopoteza maji kidogo kidogo, na dereva hana jingine la kumwonya ila mshale.

Mmoja wa wateja aliyefungiwa sensa hiyo alikuwa na bomba linalovuja. Gari lilichemsha kati ya Kilifi na Gede, mshale ukiwa umelala karibu na C. Tulipoweka rula ya chuma juu ya hedi (kichwa cha injini) na kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) katikati, tulikuta hedi imepinda milimita 0.12. Kikomo ni 0.05. Hedi imechongwa na gasketi imebadilishwa, risiti tumeziambatisha.

Tunataka mturudishie pesa za sensa zote sita, na mlipe gharama ya hedi na gasketi. Lakini kabla ya hilo, ondoeni dukani leo sensa zote za namba hiyo ya boksi, na muwapigie simu wote mliowauzia, hasa wenye maduka ya Garsen, Mpeketoni na Lamu. Huko gari likichemsha njiani, gereji iko mbali na maji ya kuongeza mara nyingi ni ya kisima cha chumvi, yanayokula rejeta.

Sensa tatu tumewatumia pamoja na barua hii, tatu tumebaki nazo. Zipimeni sufuriani mbele ya fundi wenu, kwenye nyuzi 50 na 80, mtuandikie mlichokisoma. Tunasubiri jibu ndani ya siku 14.

Wenu,
Mafundi wa gereji,
Malindi.