Kwa vijana viziwi wa Mtwara na Lindi: andikeni mshahara wa mkalimani

Wanangu,

Salamu kutoka Newala. Nimepata habari kwamba mnaandaa waraka wa kupeleka halmashauri ifikapo Septemba 23, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, mkitaka Lugha ya Alama ya Tanzania itambuliwe rasmi. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Ila nina neno.

Mdogo wangu, Mungu amrehemu, alizaliwa kiziwi. Watu walimwita bubu, na sisi nduguze tukanyamaza. Nyumbani tulijitungia alama: kidole kilichopindwa ndiyo korosho, kugusa nyusi ndiyo mimi, kwa ajili ya kovu langu. Nje ya ua wetu hakuna aliyezijua. Msimu mmoja alipeleka korosho zake, siku ya malipo akatia dole gumba, fedha zikawa pungufu. Makato yapi? Hakuna aliyeweza kumweleza, naye hakuwa na namna ya kuuliza. Alisimama pale mpaka watu wakatawanyika. Mimi nilikuwa Masasi siku hiyo, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Majirani zetu Kenya waliiandika lugha ya alama katika Katiba ya 2010, ikawa hata lugha rasmi ya Bunge. Afrika Kusini wameifanya lugha yao rasmi ya 12 mwaka 2023. Nasi tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 21 inataka lugha za alama zitambuliwe na kukuzwa. Dai lenu lina mguu wa kusimamia. Lakini karatasi haikalimani.

Waraka ukiishia kwenye "itambuliwe", mtapigiwa makofi na kupigwa picha. Andikeni mkalimani aajiriwe, mshahara wake uonekane kwenye bajeti ya halmashauri, awepo hospitalini, na siku za malipo ya korosho awepo chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima. Tena pelekeni mapema: mwaka wa fedha huanza Julai, lakini mafungu hugawanywa miezi mingi kabla.

Na siku ya kuwasilisha, semeni wenyewe kwa alama, mkalimani atafsiri. Msimtume anayesikia awasemee, hata mimi.

Jumamosi nitakuja kikaoni kwenu. Vidole vyangu vimekakamaa kwa uzee, lakini naomba mnifundishe alama ya "makato".

Babu yenu, Newala