Wito wa Harambee: Tusiache Kovu Liwakunje Watoto Wetu

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki wa kikundi chetu,

Tunawaandikia tukiona haya, kwa sababu mwaka haujapita tangu tulipobisha hodi kwenu mara ya mwisho, nanyi mkatufungulia mlango. Mlitoa kwa moyo mkunjufu, na kwa mchango ule chumba cha kubadilishia bandeji kikapata kitanda, pazia, taa inayoangaza vizuri na akiba ya shashi safi, hata watoto walioungua wakaacha kusafishwa vidonda wakiwa wamepakatwa na mama zao kwenye benchi la ukumbini, huku wenzao wanaosubiri zamu wakisikia kila kilio. Tulitamani barua hii iwe ya shukrani tu. Lakini kazi haijakwisha, na tukinyamaza kwa kuona haya, watakaoumia kwa ukimya wetu ni watoto.

Katika daftari letu yumo msichana wa miaka mitano, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa heshima yake na ya wazazi wake. Mwaka jana alivuta mpini wa chombo kilichokuwa kikitokota jikoni, na maji yakamwagikia kifua, kwapa na mkono wote wa kulia hadi kwenye kifundo. Alilazwa kwa wiki nyingi. Madaktari walichukua ngozi ya pajani wakaipandikiza kwenye mkono, ikashika vizuri, na siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani wauguzi walimpigia makofi mlangoni. Sote tulimshukuru Mwenyezi Mungu na tukahesabu kwamba mtoto amepona. Alipofika nyumbani alizoea kulala ameukunja mkono kifuani kama ndege aliyekunja bawa, maana hivyo ndivyo maumivu yalivyopungua, na hakuna mzazi anayependa kumnyoosha mtoto anayelia. Alipewa nguo moja ya kubana makovu. Baada ya miezi michache nguo ile ililegea, naye alikuwa amekua, na nguo ya pili haikupatikana kwa sababu wazazi walikuwa wamekwisha kuuza kila cha kuuzwa wakati wa kulazwa kwake.

Leo kiwiko chake hakinyooki. Asubuhi mama yake anapomvisha sweta huanza na mkono ule wa kulia, akiupitisha taratibu, kisha ndipo kichwa na mkono ule mwingine vifuate, kwa kuwa akianza kwingine mkono uliokunjamana hauingii kabisa. Darasani mtoto amejifunza kunyoosha mkono wa kushoto anapotaka kujibu swali. Siku mwandishi wa barua hii alipowatembelea, mtoto alimuuliza mama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, mkono wake ule utakua lini kama ule mwingine. Mama alitazama chini.

Jibu la swali lile ndilo lililotufanya tuandike. Mkono wa mtoto unakua. Kovu ndilo lisilokua naye. Kidonda cha moto kilichoingia ndani, hasa kile kinachochukua zaidi ya wiki tatu kufunga, huacha kovu linaloendelea kubadilika kwa mwaka mzima au miwili baada ya juu kuonekana pamefunga. Katika muda huo kovu huvimba, huwa jekundu na gumu, na hujivuta. Likiwa juu ya kiungo, kama vile kiwiko, goti, shingo, kwapa au vidole, hukivuta kiungo kile upande wa kukunja, na mkao unaompa mtoto nafuu usiku ndio huohuo unaomfunga. Mifupa nayo haisubiri, inaendelea kurefuka, na kila inchi anayoongezeka mtoto kovu hubaki nyuma. Ndiyo maana mtoto aliyetunzwa vizuri wodini anaweza kulemaa akiwa nyumbani, mbele ya macho ya watu wanaompenda, bila mtu yeyote kumfanyia ubaya.

Na jambo hili linazuilika kwa kiasi kikubwa, ndugu zetu, na hapo ndipo uchungu unapozidi. Nguo ya kubana hushonwa kwa kipimo cha mwili wa mtoto mwenyewe, huvaliwa usiku na mchana, takriban saa 23 kati ya 24, na huvuliwa tu wakati wa kuoga na kukandwa. Kwa kuwa hulegea na kwa kuwa mtoto hukua, hubidi kubadilishwa kila baada ya miezi miwili au mitatu, na kila mtoto anahitaji mbili kwa wakati mmoja ili moja ifuliwe nyingine ikiwa mwilini. Gango, yaani kifaa kigumu kinachofungwa kwenye kiungo, huvaliwa usiku ili kiungo kilale kimenyooka. Mazoezi ya viungo hufanywa kila siku, kwanza na mtaalamu, kisha na mzazi aliyefundishwa. Mafuta yasiyo na manukato hupakwa na kovu kukandwa mara kadhaa kwa siku, maana ngozi iliyopandikizwa haina tezi za mafuta wala za jasho kama ngozi ya asili: hukauka, hupasuka, na huwasha usiku kiasi cha kumnyima mtoto na nyumba nzima usingizi. Mtoto anayepata haya yote kwa miezi 12 au 18 ana matumaini makubwa ya kuutumia mkono wake. Anayeyakosa huenda akahitaji kurudi chumba cha upasuaji ili kovu likatwe na kuachiliwa, na pengine arudi tena kila anapopiga hatua ya kukua, na kila safari moja ya aina hiyo hugharimu zaidi ya nguo zote ambazo angevaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumekwisha kuujenga ukuta huo mara nyingi mno.

Kwa hiyo harambee hii ni kwa ajili ya mwaka ule mrefu baada ya wodi. Tunakusudia kugharamia nguo za kubana kwa watoto wote waliomo katika daftari letu hadi daktari atakapotamka kwamba makovu yao yamekomaa. Kununua vifaa vya kutengenezea magango. Kumlipa mtaalamu wa tiba ya viungo siku mbili kwa wiki. Na kutoa nauli, maana tumeshuhudia mama akiacha kliniki ya mwanawe kwa kukosa nauli peke yake, si kwa kukosa mapenzi. Fungu lililobaki, ambalo ni dogo lakini tunalithamini sana, litatumika kufundisha huduma ya kwanza na kinga katika nyumba, shule na nyumba za ibada.

Kuhusu fungu hilo, mwandishi wa barua hii anaomba radhi kwa kusema la kwake. Mwanangu aliungua mguu kwa kinywaji nilichokuwa nimekiweka ukingoni mwa meza, nikidhani kimekwisha kupoa. Kwa hofu nilimpaka dawa ya meno, kama nilivyoona ikifanywa tangu utotoni mwangu, nikamfunga kitambaa nikakimbia naye. Dawa ile ilikauka juu ya kidonda, na muuguzi alilazimika kuibandua kidogo kidogo kwa shashi na maji, mtoto akipiga mayowe, kabla hata ya kuweza kuona jeraha lina kina gani. Maji yalikuwa palepale, hatua tano kutoka nilipokuwa nimesimama. Hakuna aliyewahi kuniambia, na tangu siku hiyo nimeapa kwamba yeyote nitakayeweza kumfikia ataambiwa.

Basi tunasema hapa, hata kwa asiye na cha kutoa. Mtoto akiungua, mwondoe kwenye moto au maji, mvue nguo na chochote kinachobana, lakini kilichoganda kwenye ngozi kiache. Mwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili. Dakika hizo ni ndefu mno mtoto anapolia, kwa hiyo tazama saa, usikisie. Maji hayo yana faida hata kama saa mbili au tatu zimepita tangu ajali. Usitumie barafu, kwa kuwa inaongeza madhara, wala usipake dawa ya meno, siagi, yai, unga au majivu, na usipasue malengelenge. Unapopoza jeraha, funika sehemu nyingine za mwili wa mtoto ili asipatwe na baridi, maana mtoto mdogo hupoteza joto upesi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, au karatasi nyembamba ya plastiki iliyo safi, umpeleke hospitali. Jeraha la uso, kiganja, nyayo, kiungo au sehemu za siri, na lolote lililotokana na umeme, ni la kupelekwa hata kama linaonekana dogo. Na muulize daktari kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Ngozi yake ni nyembamba, hivyo maji yanayomwumiza mtu mzima kidogo humchoma yeye hadi ndani. Kinywaji cha moto kinaweza kumbabua hata dakika 15 baada ya kumiminwa kikombeni. Kichwa chake ni kikubwa kwa uwiano wa mwili: kwa mtu mzima kichwa na shingo huhesabiwa kuwa asilimia 9 ya ngozi yote, lakini kwa mtoto mchanga hukaribia mara mbili ya hapo, na ndiyo sababu madaktari, wanapokadiria ni sehemu gani ya ngozi imeungua, hutumia chati ya Lund na Browder, iliyochapishwa mwaka 1944, inayobadili hesabu kwa umri. Mzazi anaweza kukadiria kwa kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Jeraha likifikia viganja kumi, mwili wake unapoteza maji kwa kasi ya kuhatarisha uhai na kwa kawaida anahitaji dripu, basi hapo hapana kungoja kesho.

Nyumbani, tunawasihi: geuzeni mipini ya vyombo ielekee ukutani, wekeni vinywaji vya moto mbali na ukingo wa meza, msimpakate mtoto huku mnakunywa cha moto, tangulizeni maji ya baridi katika beseni la kuogea kabla ya yale ya moto, na msiweke kamwe mafuta ya taa katika chupa ya kinywaji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moto na vimiminika vya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, walio wengi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na watoto huungulia zaidi nyumbani, mara nyingi wakiwa hatua chache tu kutoka kwa mtu anayewapenda.

Sasa tunarudi kwenye ombi letu. Kutoa ni moyo, wala si utajiri, na tumewaona wenye kidogo wakitangulia. Katika harambee iliyopita mjane mmoja alileta sarafu zilizofungwa katika pembe ya leso, akaomba ziandikwe kwa jina la mwanawe aliyefariki kwa kuungua, na hatujasahau. Tunajua pia kwamba wapo waliosimama siku ile wakatoa ahadi mbele ya mkutano, na hadi leo ahadi hizo zimo katika daftari bila alama pembeni. Hatutasoma majina yao, kwa kuwa tunawaheshimu na tunajua mambo huweza kumzonga mtu, lakini tunawakumbusha kwa upole kwamba mtoto aliyehesabiwa juu ya ahadi ile angali anangoja nguo. Anayeweza kutimiza na atimize sasa, hata kwa awamu.

Asiye na fedha anaweza kuleta kitu kingine. Tunahitaji mtu mwenye cherehani na mkono mtulivu atakayejifunza kushona nguo hizi, kwa kuwa fundi mmoja hatoshi. Tunahitaji mwenye gari atakayejitolea asubuhi moja kwa wiki. Viongozi wa dini tunawaomba dakika chache tu baada ya ibada ili tuwafundishe waumini yale ya maji na dakika 20.

Kila mchango utaandikiwa stakabadhi palepale. Fedha zitawekwa katika akaunti ya kikundi, ambayo haitoi bila saini tatu, mojawapo ikiwa ya mzazi wa mtoto aliyeungua. Hesabu ya mapato na matumizi itasomwa kila baada ya miezi mitatu, na daftari liko wazi kwa yeyote atakayetaka kulikagua. Kiasi kinachohitajika kwa kila mtoto kimeandikwa katika karatasi itakayogawiwa siku ya mkutano.

Tutakutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, katika ukumbi tunaoutumia siku zote. Fundi wa nguo za kubana amekubali kuja na futi yake, na atawapima watoto mezani wakati michango inapokelewa, ili kazi ya kushona ianze Jumatatu kwa kadiri ya kitakachopatikana. Wa kwanza katika orodha ni yule msichana. Daktari amesema kiwiko chake bado kinaweza kunyooshwa kwa gango na mazoezi bila kufanyiwa upasuaji tena, iwapo tutaanza mwezi huu.

Wenu katika huduma,
Katibu, kwa niaba ya kamati ya wazazi