Wazee washuke Nyari na wajukuu, lakini kwa hesabu ya kupanda

Mhariri,

Likizo ya Agosti ikifika, familia nyingi za Malindi, Watamu na Mambrui hufunga safari kuwaonyesha watoto korongo la Nyari kule Marafa. Pwani yetu ni tambarare, milima ya kupanda na kurudi siku moja ni michache, na kwa wengi wetu Nyari ndiyo mlima. Lakini ni mlima uliopinduliwa: huanza kwa kushuka, ukamalizia kwa kupanda.

Mlimani, mtoto akichoka mnageuka, mnateremka. Nyari, akichoka ameshafika chini, kama mita 30 kutoka ukingoni, jua linapanda, na magoti ya babu yamekwisha kazi kwenye mteremko. Kwa hofu hiyo wazee huambiwa wabaki juu walinde mikoba. Hakuna haja. Mzee anayetembea mwenyewe hadi sokoni na kurudi anaweza kushuka na wajukuu wake, mradi safari yote ipangwe kwa kuuangalia ule mpando wa mwisho.

La kwanza ni saa. Wageni hupelekwa alasiri kwa sababu jua la jioni huziwasha rangi za kuta, nyekundu, waridi na nyeupe. Kwa kijana ni sawa. Kwa mtoto wa miaka 4 na nyanya wa miaka 70, asubuhi ni bora zaidi, hata kama picha zitapungua uzuri. Alasiri kuta zimeshakula jua mchana kutwa, upepo haufiki chini, na joto hukurudia kutoka kila upande. Tena kwetu giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu. Mtoto akigoma katikati ya njia, hakuna muda wa kumbembeleza. Basi ondokeni baada ya swala ya alfajiri. Mkishavuka daraja la Sabaki mnakata kushoto kuelekea Marikebuni, na Marafa iko kama kilomita 35 kutoka Malindi mjini. Tengeni saa moja na nusu, maana watoto watataka kusimama. Muwe mmeanza kushuka saa moja na nusu asubuhi, na muwe juu kabla ya saa nne. Kila dakika 10 za kushuka zihesabieni 20 za kupanda. Ikifika saa mbili na dakika 20 geukeni, hata kama hamjafika mlikokusudia. Jamaa wa Lamu wasijaribu kwenda na kurudi siku moja, walale Malindi.

Mvua ikiwa imenyesha jana, msishuke kabisa. Nyari imechongwa na mvua na upepo na bado inachongwa. Udongo uliolowa huteleza na kingo humeguka. Hata wakati wa kiangazi mtoto asiukaribie ukingo kwa hatua tano, kwa kuwa chini yake panaweza kuwa pameshaliwa na wewe uliye juu huoni.

Ndara na champali ziacheni nyumbani. Mchanga mkavu juu ya udongo mgumu unateleza, na mguu ndani ya ndara huteleza mara ya pili. Raba zenye meno, zilizofungwa kamba vizuri juu ya kisigino, zinatosha. Kiatu kikubwa "atakachokua nacho" hakifai: kwenye mteremko vidole hugonga mbele, na mtoto ataanza kulia wakati wa kupanda, si wakati kiatu kilipoanza kumuumiza.

Mzee achukue mkongojo, aushike mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Akishuka, mkongojo na mguu mbovu hutangulia. Akipanda, mguu mzima ndio hutangulia. Wengi hufanya kinyume, kisha husema goti limezeeka. Mtoto wa chini ya miaka 5 awe na mtu mzima wake mmoja, na mtu huyo asiwe mzee mwenye mkongojo, kwa kuwa mkono wake wa pili unahitajika uwe huru. Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa leso, na kijana, si mabegani wala kifuani. Mabegani hukuyumbisha, kifuani huoni unapokanyaga.

Maji: lita moja kwa kila mtoto na lita moja na nusu kwa kila mtu mzima, yabebwe kushuka nayo, si yaachwe garini. Watoto wapewe mafunda kila dakika 15 au 20 bila kungoja waombe, kwa sababu mtoto anayecheza husahau kiu. Wekeni na pakiti mbili za chumvi za kuongeza maji mwilini. Someni pakiti kwanza: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima, na ya lita ikitiwa kwenye chupa ya nusu lita chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Chakula kiwe kikavu: mahamri, tende, ndizi, viazi vya kuchemsha. Mbaazi za nazi ni tamu, lakini ndani ya gari lililoanikwa juani huchacha kabla ya adhuhuri.

Wenye presha wanaotumia dawa za kukojoza hupoteza maji haraka kuliko wenzao. Wasiziache kwa uamuzi wao. Waulize kliniki siku chache kabla. Mwenye sukari asishuke tumbo tupu, na tende ziwe mfukoni mwake yeye, si kwenye kapu la mwingine.

Mchungeni mtoto anayenyamaza ghafla, anayelalamika kichwa au kichefuchefu. Kivulini mara moja, nguo zipunguzwe, kitambaa cha maji shingoni na makwapani, apepewe. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka msimnyweshe; endeleeni kumpoza na mkimbizeni hospitali.

Vijana wa Marafa wanaowaongoza wageni wanaijua njia ya siku hiyo, maana mvua huibadilisha. Lipeni kiingilio, ulizeni bei ya kiongozi mapema, na mumwombe asimulie kisa cha Wagiriama cha matajiri waliooga maziwa mkiwa bado juu, kivulini, kabla ya kushuka. Watoto hutulia, wazee hupumzika, na chini mnabaki na kazi ya kutembea tu. Mkiwa darajani Sabaki waonyesheni watoto yale maji ya rangi ya udongo. Wakifika Nyari watajionea jinsi maji yanavyokula nchi.

Ombi langu kwa wanaosimamia eneo hilo na kwa Kaunti ya Kilifi: benchi mbili za ziada zenye kivuli cha makuti kwenye njia ya kupandia, moja nusu ya mpando na moja robo ya mwisho, ambako miguu hugoma. Zikiwekwa kabla ya shule kufungwa Agosti, wazee wengi hawatabaki ukingoni na mikoba.

Mkaazi wa Malindi