Mgeni wa Jabali la Fischer afunzwe kushika kamba kabla ya kupanda

Kwa Mhariri,

Shule zinapofungwa, familia nyingi za Nairobi, Kiambu na Nakuru huelekea Naivasha, na nyingi huingia Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, ambako mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala. Wengine husimama kwenye Jabali la Fischer, nguzo ya mwamba wa volkano yenye kimo cha mita 25 hivi karibu na lango la Elsa, ili wapande kwa kamba. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini naona kwamba huduma hiyo, jinsi inavyotolewa na baadhi ya waongozaji, inamnyima mgeni kile hasa anachokilipia na kumtia katika hatari ambayo ingeepukika kwa urahisi.

Namna ya haraka nimeishuhudia zaidi ya mara moja. Mgeni anavishwa mshipi wa kiunoni na mapajani, anatiwa kofia ngumu kichwani, anaambiwa apande, na anapokwama anavutwa na kamba hadi afike mahali pa kupigwa picha. Kisha anashushwa na kuitwa mwingine. Haulizwi kama mshipi umembana sawasawa, wala hajui aliyeishika kamba yake ni nani na amejifunzia wapi kazi hiyo. Anarudi nyumbani na picha nzuri, lakini ukimuuliza kilichomzuia asianguke hana la kukujibu.

Mwongozaji kijana tuliyemwajiri kwa siku nzima, mimi na wapwa zangu, alifanya kinyume kabisa. Sehemu kubwa ya asubuhi hatukupanda hata hatua moja. Alitandika turubai chini ya jabali, akatoa vifaa vyake kimoja kimoja, akatufundisha kufunga fundo la umbo la nane na kulifungua, tena na tena, hadi vidole vikalizoea. Kisha akashika karabina, ile pete ya chuma yenye mlango wa kufungwa kwa skrubu, akaigeuza ubavu mbele ya macho yetu na kutuuliza kama tunaona tofauti yoyote. Hatukuiona. Akatueleza kwamba pete hiyo ikivutwa kwa urefu wake hutakiwa ihimili walau kilonewtoni 20, yaani takriban tani mbili, lakini ikigeuka na kuvutwa kwa ubavu kiwango kinachotakiwa ni kilonewtoni 7 tu. Tangu hapo hakuna mpwa wangu aliyeinuka kutoka ardhini kabla ya kuitazama karabina yake, na hawakuhitaji kukumbushwa.

Baada ya hapo alinipa mimi kamba, akajifunga upande wa pili na kuanza kupanda yeye mwenyewe, huku mwenzake akiwa nyuma yangu ameshika ncha ya kamba kwa tahadhari. "Mzee," aliniambia, "mkono wako wa chini hauachii kamba hata nyuki akikuuma." Kamba ilikuwa imepitishwa juu kabisa, kwenye nanga mbili zisizotegemeana, yaani sehemu kamba inaposhikizwa mwambani, ili moja ikiachia nyingine ishike, na ilikuwa ikirudi kwangu kupitia kifaa kidogo cha chuma kinachoibana. Niliuhisi uzito wake wote alipojiachia makusudi akiwa karibu na kilele. Nilitarajia mshtuko mkubwa, lakini kamba ilivutika kidogo na kumpokea taratibu, kwa kuwa kamba za kupandia majabali husukwa kwa namna ya kuvutika ili zipunguze nguvu ya anguko. Wakati huo nilielewa kwa mwili wangu jambo ambalo maelezo ya mdomo tu yasingenifikishia, na zamu yangu ya kupanda ilipofika sikuwa tena mtu anayebahatisha.

Nisidai kwamba hofu ilikwisha. Mwamba wa pale una vishikio vingi na unaukwaruza mkono usiouzoea, na mgeni hukimbilia kujivuta kwa mikono hadi misuli ikakaza kama mti, ilhali mwili hubebwa na miguu. "Tafuta pa kukanyaga kwanza, mkono utajipatia wenyewe," kijana yule aliniita kutoka chini, nami nilipomtii nilipumua. Kilichonitaabisha zaidi ni kushuka, kwa sababu mtu anatakiwa aegemee nyuma kwenye hewa tupu, atanue miguu na kuukanyaga ukuta wa jabali kana kwamba ni sakafu, jambo ambalo akili hulikataa katakata. Pimbi wanaoishi kwenye nyufa za jabali hilo walikuwa wakitutazama bila wasiwasi wowote, na nakiri kwamba niliwaonea wivu.

Wapo watakaosema kwamba mchezo huu ni wa wageni, na kwamba mwananchi wa kawaida hana haja nao. Ni kweli kwamba jabali lenyewe linaitwa kwa jina la Mjerumani, Gustav Fischer, aliyepita huko mwaka 1883, ingawa waongozaji hupenda kusimulia hadithi ya Wamaasai ya binti aliyegeuka jiwe akiwa njiani kwenda kuolewa. Ni kweli pia kwamba vitabu vinataja kilele cha Batian, kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, kufikiwa mwaka 1899 na Mwingereza Halford Mackinder pamoja na wenzake wawili kutoka milima ya Alps ya Ulaya. Lakini Kisoi Munyao ndiye aliyeipandisha bendera yetu kwenye Mlima Kenya tulipopata uhuru mwaka 1963, na tangu Michezo ya Olimpiki ya Tokyo upandaji ni mchezo wa kushindania medali. Vijana wetu wana majabali mlangoni, kuanzia Hell's Gate hadi Lukenya kando ya barabara ya Mombasa, na sioni sababu ya kuwaachia wengine ujuzi wake.

Ndiyo maana nawaomba wazazi wanaolipia siku kama hiyo wasione haya kuuliza maswali kabla ya kutoa pesa. Waulize kamba ilinunuliwa lini, kwa kuwa watengenezaji wengi huagiza vifaa vya nguo kama kamba na mishipi vistaafishwe baada ya miaka kumi hata kama havijatumika, na mapema zaidi vikiwa vimechubuka au vimechomwa na jua. Waulize ni nani atakayeishika kamba ya mtoto wao, na kama atakuwa akizungumza kwa simu wakati huo huo; nimeliona hilo pia kwa macho yangu. Mwongozaji anayejua kazi yake hatakasirika, na anayekasirika amekwisha kujibu.

Ombi langu jingine ni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Kibali cha kuongoza watalii ni jambo moja, na uwezo wa kufunga nanga juu ya jabali ni jambo jingine kabisa. Mtu anaweza kuwataja ndege wote wa mbuga hiyo na bado asijue fundo lililofungwa vibaya linavyofanana. Mafuriko ya ghafla ya mwaka 2012 na ya mwaka 2019 yaliua wageni katika korongo la mbuga hiyo hiyo, na nchi nzima ikaanza kuuliza baada ya maiti kupatikana ni nani aliyepaswa kutoa tahadhari. Kwenye jabali tusingoje hadi tufike hapo. Wanaopandisha watu kwa malipo wapimwe ujuzi wa kamba na mtu anayeujua, vifaa vyao vikaguliwe kila mwaka, na chini ya Jabali la Fischer uwekwe ubao wa Kiswahili unaoonyesha kwa michoro mshipi uliofungwa sawasawa, fundo lililokamilika na karabina iliyofungwa, ili hata mgeni wa mara ya kwanza aweze kulinganisha kilicho ubaoni na kilicho kiunoni mwake. Gharama ya ubao huo naamini ada za kiingilio za mwisho wa juma mmoja wa Desemba zingeilipa.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu,
Nakuru