Eli Reed angekuja kwetu kuomba kazi ya kufundisha angeambiwa alete PhD

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo nitoe la moyoni. Mimi napiga picha hapa Mombasa, harusi, matanga, mikutano ya wanasiasa, na gazeti likinipigia simu nakimbia, miaka kumi na tisa sasa ndio kazi inayonilisha. Mwezi uliopita nikaletewa kijana wa atachimenti, yuko mwaka wa nne chuo kikuu anasomea uandishi wa habari, ana adabu na kuandika anajua, lakini nilipompa kamera akaiweka otomatiki, nikamwambia toa hapo pima mwanga mwenyewe, akaniangalia kama nimemtukana. Nikamuuliza kwani picha mlifundishwa na nani, akasema kuna lekchara mmoja daktari, aliwapa nadharia za picha semista nzima, kamera yenyewe waliiona kwa projekta. Simlaumu kijana, na huyo daktari pia simlaumu, kafundisha anachokijua.

Nikamkumbuka Eli Reed. Mpigapicha huyu ni Mmarekani mweusi, alizaliwa 1946 huko New Jersey, akasoma chuo cha sanaa Newark akamaliza 1969, na alichosomea ni uchoraji, si kamera. 1970 akaanza kujitafutia na picha, baadaye akaingia magazeti ya mikoani, kisha Detroit, halafu San Francisco Examiner. Picha zake za El Salvador na Guatemala ndizo zilizowafanya Magnum wamuone, na Magnum, ule ushirika wa wapigapicha, kwetu sisi ni kama timu ya taifa, ila taifa lenyewe ni dunia nzima. Wakamchukua 1983, uanachama kamili akaupata 1988. Beirut hakwenda wiki moja akarudi na stori, alianza 1983 na mpaka 1987 bado alikuwa anaipiga Beirut ile ya vita, kikatoka kitabu. Haiti 1986 dikteta Duvalier akitimuliwa yumo, Panama 1989 jeshi la Marekani likivamia yumo.

Lakini kazi yake ninayoirudia mimi ni ile ya watu wake mwenyewe. Zaidi ya miaka 20 anapiga maisha ya Wamarekani weusi, fujo za mtaa wa Crown Heights huko New York zimo, yale maandamano ya wanaume milioni moja Washington 1995 yamo, na ukitazama unaona kabisa huyu hakuiba picha akakimbia, waliopigwa walikuwa wamemzoea. Hilo la kuzoeleka na watu ndilo projekta haifundishi. Tuzo anazo, medali ya Leica 1988, ruzuku ya W. Eugene Smith 1992, na Guggenheim 2011.

Basi mtu huyu Chuo Kikuu cha Texas pale Austin wakampa darasa na uprofesa juu. Wana cheo wanakiita profesa wa kliniki, msicheke, hana sindano wala dripu, ni vile daktari anavyofundisha wanafunzi wodini mgonjwa akiwa mbele yao, unapewa wanafunzi kwa kazi uliyoifanya, si kwa tasnifu. Najua kuna atakayesema lakini alipita Harvard. Ni kweli, 1982 alikaa huko mwaka mmoja kwa ile nafasi ya Nieman wanayopewa waandishi walio kazini, akasoma siasa na mambo ya miji, lakini shule ilimkuta tayari ni fundi.

Kwetu je? Tume ya vyuo vikuu, CUE, ilitoa masharti 2014 kwamba lekchara awe na PhD, wasionayo wakapewa miaka mitano waitafute. Kwa historia au hesabu sina neno. Kwa kamera, hebu mchukue mpigapicha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi 1943 aliyekulia Dar es Salaam, kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzisha 1963 akiwa kijana wa miaka 20, picha zake za njaa ya Ethiopia 1984 ziliitikisa dunia, mkono akaupoteza Addis Ababa 1991 akarudi kazini na wa bandia. Angekuwa hai leo abishe hodi kwa mkuu wa idara, angeambiwa lete transkripti.

Mimi si Amin, najijua. Lakini niliwahi kuandikia chuo kimoja, sitakitaja, nikaomba Ijumaa mbili tu kwa semista, bure, nauli yangu, wakanijibu hawana utaratibu huo. Na hao hao ndio wanaotuletea wanafunzi kila mwaka tuwafundishe, hata chai hatupewi! Kwa hiyo kufundisha tunaweza, cheo ndio hatuwezi?

Wewe pia Mhariri usijifiche. Picha zetu, badala ya jina la aliyepiga, mnaziwekea PICHA/MAKTABA, na maktaba haina kidole cha kubonyeza shata. Siku CUE wakikubali kuhesabu kazi badala ya karatasi, mimi nitawaonyesha nini, magazeti ya miaka kumi na tisa ambayo jina langu halimo?

Kijana bado niko naye. Jumamosi tuna harusi Kisauni, nimemwambia aje na lenzi moja tu, ya milimita 35, na zumu aiache nyumbani, akitaka picha ya bibi harusi asogee mwenyewe, na kabla ya kupiga asalimie wazee kwanza.

Mpigapicha,
Mombasa