Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Cheti Ukutani, Pipa Uani

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wauzaji, watumiaji na wasafirishaji wa kemikali, wageni wetu mlioitikia mwaliko, na ninyi madereva mliokaa safu ya nyuma kana kwamba mkutano huu hauwahusu: poleni na safari. Waliotoka Makongolosi na waliotoka Mafinga wameamka usiku, kwa hiyo sitazunguka.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini; jedwali lake mmegawiwa mlangoni. Mimi nitasema tu kwamba ada zinachelewa kama ilivyo desturi yetu, na wanaochelewa zaidi ndio wa kwanza kunipigia simu mkaguzi akibisha hodi.

Na hodi hiyo ndiyo nitakayoizungumzia leo. Barua nyingi zilizonifikia mwaka huu zilikuwa na kilio kimoja: "Mwenyekiti tusaidie, tumefungiwa." Kamati ilipofuatilia, mara nyingi ilikuta cheti cha usajili kipo, kimewekewa fremu na kioo, kimetundikwa juu ya meza ya mhasibu. Shida ilikuwa uani.

Kuna stoo moja huko Chunya, sitasema mwenyewe ni nani na mnaomjua naomba mnyamaze. Mapipa ya sainaidi, ile sumu ya kuchenjulia dhahabu, yamepangwa ukuta huu, madumu ya tindikali ukuta wa pili, katikati upenyo wa mtu kupita kiubavu. Bati linavuja. Nyuma ya mlango kuna godoro la mlinzi, maana stoo ikiachwa bila mtu usiku huibiwa. Mwenye mali alitushangaa tulipokataa kuingia. Alisema miaka yote amefanya hivyo na hakuna aliyekufa.

Wengi wenu mnaijua kemia hii kuliko mimi, lakini niirudie kwa ajili ya wanaoajiri vijana wapya. Sainaidi ikikutana na tindikali hutoa gesi ya haidrojeni sainaidi, ambayo huua kwa kuzuia seli za mwili kutumia oksijeni iliyomo kwenye damu. Kimiminika chake huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Kwa jua la Chunya, hiyo ni gesi tangu asubuhi. Ndiyo maana kwenye matangi ya kuchenjulia tunatanguliza chokaa, ili pH, kile kipimo cha utindikali ambacho hushuka tindikali ikizidi, isiwe chini ya 10. Hata unyevu wa hewa peke yake huitoa gesi hiyo polepole pipa likiachwa wazi. Na wale wanaosema "tungesikia harufu" wajue kwamba wapo watu ambao kwa maumbile yao hawaisikii kabisa.

Sheria haikuanza jana. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ni ya mwaka 2003, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayoisimamia ina ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ndiyo inayowaleta OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kuuliza kama wafanyakazi wako wamepimwa afya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanaisimamia, ni ya 2004. Mwenye viuatilifu vya parachichi au vya chai anakutana pia na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyotokana na sheria ya 2020. Mkiniambia ofisi ni nyingi, kila moja na fomu yake na siku yake ya kuja, nakubaliana nanyi bila kusitasita. Tumeomba kwa maandishi wakaguzi waje pamoja pale inapowezekana, na tutaendelea kuomba. Lakini yule wa Chunya wangekuja pamoja au mmoja mmoja, wangekuta mapipa yale yale.

Sasa niwageukie wauzaji, ambao katika chumba hiki ndio wenye sauti kubwa. Mnauza kwa mtu ambaye hamjamuuliza usajili, mnamwandikia risiti ya "vifaa vya usafi", naye anaondoka na bodaboda, pipa la kilo 50 limefungwa kwa mpira wa tyubu. Likianguka Lwanjilo, njia ya Chunya, jina lililoko kwenye lebo ni lenu. Wengine mnauza asetoni na tindikali ya salfa kwa mtu asiyejulikana hata anafanya kazi gani. Hizo ziko kwenye orodha ya kemikali bashirifu, yaani zinazoweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya, na siku mteja huyo akikamatwa na mtambo wa dawa za kulevya, maswali yatakayoulizwa dukani kwenu si ya faini. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo: ikifungwa stoo ya mmoja kwa sababu hiyo, wote tutasubirishwa vibali.

Wachenjuaji wa dhahabu nao wana la kwao. Marudio, ule mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa mara ya kwanza, mnayonunua kwa wachimbaji wadogo yamepitiwa na zebaki wanayokamatia dhahabu. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchenjuaji kwa sainaidi wa marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza. Sababu ni kwamba sainaidi huiyeyusha zebaki ikatembea na maji, na maji ya mto Lupa safari yake ni kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, ambako watu wanavua. Najua kuitoa zebaki kunakula muda na pesa. Najua pia bei ya marudio hushuka sana mnunuzi akianza kuuliza maswali. Ulizeni hata hivyo.

Wenye mitambo ya nguzo wa Mafinga na Njombe walidhani leo wamesalimika. Dawa ya kuzuia nguzo za umeme zisioze tunayotumia ina shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Nguzo ikitoka kwenye silinda ya shinikizo inatakiwa ikae juu ya sakafu ya zege yenye mfereji wa kurudisha dawa tangini, hadi iache kuchuruzika na dawa ishike kwenye mti. Tulipopita tuliona nguzo mbichi zikipakiwa, dawa ya kijani ikidondoka hadi barabarani na vijana wamezishika mikono mitupu. Hilo linarekebishika kwa glavu na subira. Lililonikosesha raha ni vipande vya ncha. Vinakatwa, vinatupwa nje ya uzio, mama ntilie wanavichukua kuni. Aseniki haiungui ikaisha. Nyingine inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Na majivu kwetu huku tunayachanganya na maharage yasibunguliwe. Nimewaandikia wenye mitambo wote kwamba ncha zihesabiwe kama taka hatarishi na zifungiwe. Wamejibu wawili watatu hivi. Wengine nawaona hapa.

Kuhusu barabara nitakuwa mfupi, kwa sababu madereva wanaijua kuliko kamati. Kutoka Kitonga hadi Inyala hadi Tunduma tunapita na salfa, tindikali na amonia naitreti za migodi ya Zambia na Kongo. Gari lisilo na alama za hatari mbele na nyuma, na karatasi ya usalama wa kemikali mahali utingo anaweza kuifikia, lisitoke yadi. Namba ya Zimamoto ni 114. Na mzigo ukimwagika, watu wakija na ndoo kukinga, wafukuzeni hata kwa matusi.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. La kwanza, chama kisimwandikie mwanachama barua yoyote ya utetezi wala ya utambulisho kabla wenzake hawajaikagua stoo yake na kumkuta na msimamizi aliyepata mafunzo. La pili, muuzaji atakayebainika kumuuzia asiyesajiliwa asimamishwe uanachama. Nimeshasikia maneno ya pembeni: kwamba tunajigeuza polisi, kwamba wateja watahamia kwa walanguzi wa mpakani. Hilo la pili ni kweli, baadhi watahama, na mauzo ya mwanzo yatauma. Ila siwezi kwenda tena kwa mkaguzi kumtetea mtu ambaye mlinzi wake analala na sainaidi, halafu wiki inayofuata niende kumtetea aliyejenga stoo yake vizuri, na nikategemea kuaminiwa.

Kura itapigwa baada ya chai. Fomu ya ukaguzi ina kurasa mbili, iko kwa katibu, isomeni kabla ya kunyoosha mkono. Mapendekezo yakipita, stoo ya kwanza kukaguliwa itakuwa yangu ya Iyunga, Jumatatu asubuhi. Wajumbe mtakaopangwa mje na gambuti, njia ya kuingilia ina tope.